Paswedi umeweka, mbona bado wanaingia? Jinsi ya kufunga milango ya darasa la onlaini

Ngoja nianze na kilichonikuta mwenyewe, maana ndo kilinifanya nikae chini nisome hivi vitu vizuri. Ilikuwa saa mbili na robo usiku, niko chumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, laptopu juu ya stuli, nafundisha hesabu watoto wa form four pamoja na wale wanaorisiti, jumla 31, wengine wako hapa hapa Ujiji na Gungu, wengine Kasulu, wawili Uvinza mjini na mmoja yuko Kalya kule mwambao wa kusini ambako mtandao unakuja na kuondoka kama boti. Tuko kwenye trigonometri, nimechora pembetatu yangu safi, mara naona mstari mwekundu unajichora wenyewe juu ya skrini. Nikadhani laptopu imechanganyikiwa. Mstari ukaendelea, ukawa mchoro ambao siwezi kuuelezea hapa, halafu singeli ikafunguliwa sauti ya mwisho, na kwenye chati zikaanza kumiminika picha ambazo mama mmoja aliyekuwa amekaa na binti yake, maana simu ni ya mama, aliziona kabla yangu. Mpaka nakuja kukipata kitufe cha kumtoa huyo mtu dakika nne zimeshapita. Jina lake kwenye skrini lilikuwa jina la mwanafunzi wangu. Na mwanafunzi mwenyewe alikuwa humo humo, wako wawili jina moja.

Kesho yake wazazi watano wakapiga simu. Jibu langu kwa wote lilikuwa lile lile la kujitetea, kwamba paswedi niliweka mama yangu, sijui wamehaki vipi.

Hakuna aliyehaki kitu. Hapa ndo pana mafundo yenyewe, maana tunatumia neno moja tu, usalama, kwa mambo ambayo hayafanani hata kidogo: nani anapita mlangoni, akishapita anaruhusiwa kushika nini, na mazungumzo yakiwa njiani hewani nani anaweza kuyasikiliza. Kuna na la nne, kile kinachobaki darasa likishaisha, ambalo watu hawalikumbuki kabisa. Mtu akikwambia programu fulani ni salama muulize salama kwa lipi kati ya hayo, utaona anaanza kujikuna kichwa. Mimi pia nilikuwa najikuna.

Turudi 2020 kidogo. Sisi shule zilifungwa Machi 17, zikafunguliwa kwa mafungu, form six na vyuo Juni 1 na wengine Juni 29, kwa hiyo wengi wetu huku hatukuwahi kuyaonja haya madarasa ya video sawasawa. Huko nje lakini watu walihamia Zoom, ile programu ya mikutano ya video ninayotumia na mimi, kwa mpigo, kutoka washiriki kama milioni 10 kwa siku Desemba 2019 mpaka milioni 200 Machi 2020, na wahuni wakahamia nao. Machi 30 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ofisi ya Boston ikatoa onyo: kwenye sekondari moja ya Massachusetts mtu aliingia katikati ya kipindi, akatukana, halafu akataja kwa sauti anwani ya nyumbani kwa mwalimu. Singapore mwezi wa nne wakasimamisha walimu wao kutumia Zoom kwa siku kadhaa baada ya wanaume wawili kuingia kwenye kipindi cha jiografia na kuwaonyesha wasichana picha chafu. Jiji la New York nalo likapiga marufuku kwenye shule zake, likaja kulegeza Mei.

Wote tukaamini hao ni watu wenye kipaji cha kompyuta, wamekaa gizani wanaandika makodi ya kijani. Sasa kuna watafiti wa vyuo vikuu vya Binghamton na Boston kule Marekani walikusanya matangazo ya uvamizi yaliyowekwa Twitter na 4chan, jukwaa la mtandaoni ambako watu huandika bila kujitaja majina, miezi ya mwanzo ya 2020, yale matangazo ya njooni mumvurugie mwalimu fulani, wakayapitia moja moja. Wakakuta yale ya 4chan asilimia kama 70 na yale ya Twitter asilimia kama 82 yanaonekana kuwekwa na mtu wa ndani, yaani mwanafunzi mwenye linki halali aliyepewa na mwalimu mwenyewe. Na mengi yalikuwa ya kipindi kinachoendelea muda huo huo, siyo cha kesho. Wengine walikuwa wanawaambia wageni waingie kwa majina ya wanafunzi wa kweli ili wasishtukiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, ndo hivyo.

Kwangu ikawa vile vile. Siku ya tatu kijana mmoja mpole, wa wale wanaokaa nyuma hata darasa likiwa la video, akanitumia voisi noti ndefu, nusu yake ni kimya. Linki alimpa binamu yake aliyemwomba tu, binamu akaitupia kwenye grupu lao la mpira. Basi. Hakuna gizani wala makodi ya kijani.

Na paswedi yangu je? Hiki ndo kitu ningependa kila mwalimu akione kwa macho yake. Chukua linki ya Zoom uliyotumiwa, isome yote mpaka mwisho, usiishie kwenye namba. Baada ya namba za mkutano utaona alama ya kuuliza, herufi pwd, alama ya sawasawa, halafu msururu wa herufi na namba zisizoeleweka. Hiyo ndo paswedi yenyewe, imevishwa nguo nyingine, imo ndani ya linki. Anayebonyeza haulizwi chochote. Kwa hiyo ukishea linki umeshea mlango na funguo ikiwa imeshaning'inia kitasani, halafu unajisifu mlango wako una kufuli. Kwenye setingi za akaunti kuna sehemu ya kuzima hiyo tabia ya kuiweka paswedi ndani ya linki, ukiizima linki inakuwa tupu na paswedi unaituma kwa njia nyingine. Inasaidia kidogo. Lakini kwa mtoto anayetaka kumpa binamu, atampa vyote viwili, ni sekunde tatu zaidi.

Ina maana paswedi haina kazi? Ina kazi, ila kazi yake ni nyingine. Inamzuia mgeni anayebahatisha. Zamani namba za mikutano ya Zoom zilikuwa za tarakimu 9, 10 au 11, na kampuni ya usalama wa mtandao ya Check Point ilijaribu kutunga namba ovyo ovyo kwa kompyuta, ikakuta kama 4 katika kila 100 ni mikutano ya kweli. Yaani unapiga namba yoyote tu unajikuta sebuleni kwa watu. Hayo waliyatoa Januari 2020, na kuanzia Aprili 5 mwaka huo Zoom wakawasha wenyewe paswedi na chumba cha kusubiri kwa akaunti za bure. Google Meet wao walichukua njia tofauti, msimbo wao ni herufi 10 zilizochaguliwa kati ya 25, ukizidisha unapata michanganyiko zaidi ya trilioni 95, hapo bahatisha mpaka uzeeke. Jitsi, programu nyingine ya mikutano, jina la chumba unalitunga mwenyewe, kwa hiyo ukiita chumba chako FormFourMath usishangae kukuta wenzio wamo tayari. Tangu Agosti 2023 kwenye ile seva yao ya wazi lazima anayefungua chumba awe ameingia na akaunti, lakini jina jepesi linabaki kuwa jina jepesi.

Kosa lingine nililokuwa nafanya, na najua nina wenzangu wengi, ni kutumia linki moja mwaka mzima. Ile namba ya kudumu ya akaunti yako ni kama namba ya nyumba yako, ukimpa mtu leo anaijua mpaka Desemba, na aliyefukuzwa tuisheni mwezi wa tatu bado anayo, na yule mjomba aliyeiona kwenye status ya WhatsApp bado anayo. Kila kipindi kitengenezewe namba yake. Mimi naituma dakika kumi kabla, siyo asubuhi.

Haya, chumba cha kusubiri. Kwenye Zoom kinaitwa Waiting Room, kwenye Teams ni Lobby, kwenye Meet mtu anaomba kuingia na wewe unamkubali au unamkatalia. Kwa kifupi ni hodi. Mswahili hahitaji kufundishwa hodi, unabisha, unasubiri, mwenye nyumba anasema karibu au ananyamaza. Kila mwongozo utakaousoma utakwambia washa hodi, halafu darasa likishajaa bonyeza kufunga mkutano moja kwa moja asiingie mtu tena.

Huo ushauri wa pili umeandikwa na mtu ambaye umeme haukatiki kwao. Hapa Kigoma jaribu kufunga mlango dakika ya kumi uone. Mtoto wa Kalya anadondoka mara sita kwa saa. Bando la MB linaisha katikati, anakimbia kuomba simu ya kaka. Umeme ukikatika Ujiji wanadondoka wanane kwa pamoja, wanarudi kwa mafungu. Ukifunga mlango umewafungia nje watoto wako mwenyewe, na wale ndo hasa wanaohitaji kipindi. Kwa hiyo mlango sifungi, naacha hodi. Lakini hodi nayo ina adha yake, kila aliyedondoka akirudi anabisha upya, unaandika sine na kosine huku pembeni kengele inalia ting ting ting, mwisho unachoka unakizima chumba cha kusubiri ili ufundishe kwa amani. Nami nilikizima kwa sababu hiyo hiyo, ndo maana yule jamaa wa singeli aliingia bila kusimama.

Dawa yake ni kuacha kuwa mwalimu na mlinzi kwa wakati mmoja. Hosti ni mwenye mkutano, na kuna cheo cha hosti msaidizi, kwenye Zoom ni kwa akaunti ya kulipia, unampa mtu mmoja unayemwamini na yeye anashughulika na mlango tu. Mimi nina binti mmoja anayerisiti, ana miaka 20, anauza dagaa na mama yake Kibirizi mchana na usiku anakaa mlangoni kwangu. Zile siku mtandao ukimzingua nasimamisha kipindi dakika moja moja nafungua mlango mwenyewe, bora hivyo. Angalizo, hosti msaidizi ana nguvu karibu zako zote, anaweza kumtoa mtu, anaweza kumfungia mtu maiki, kwa hiyo usimpe mtoto wa kelele eti kwa sababu anajua simu.

Sasa mlinzi anamjuaje mtu? Anachokiona ni jina tu, na majina ya simu zetu huku ni vichekesho. TECNO SPARK, itel, Baba Wawili, Mungu Mwema, Mama Mdogo Duka la Dawa, mtoto kaazima simu na hajui hata pa kubadili jina. Na hata likiwa jina la kweli umeshaona kwangu, mtu anaweza kujiita jina la mwenzie. Nilichofanya ni kumpa kila mtoto namba yake ya siri ya tarakimu tatu, siyo ya mpangilio wa rejista maana hiyo wote wanaijua, nikampigia kila mzazi nikamtajia. Akibisha hodi anaandika jina la kwanza na hiyo namba, asipoandika anaachwa kwenye chumba cha kusubiri, na mlinzi anaweza kumtumia ujumbe aliyeko huko kumwambia abadili jina. Aliyeingia tu, jina linabadilishwa libaki la kwanza pekee ili wenzie wasiikariri namba. Ni kazi, sikatai. Wiki ya kwanza tulipoteza dakika kumi na tano kila kipindi. Wiki ya tatu dakika tatu.

Kwenye akaunti ya kulipia kuna na njia nzuri zaidi, kila mtoto anajiandikisha na anapata linki yake peke yake, ikishewa unajua imetoka kwa nani. Wale watafiti niliowataja nao ndo walielekea huko, linki ya mtu mmoja mmoja, maana paswedi ya wote ni siri ya wote na siri ya wote siyo siri. Wanaotumia Meet wakiwa na akaunti za shule za Google wana nafuu nyingine, mfumo unamjua mtu kwa akaunti yake na asiye na akaunti anazuiwa. Kwa tuisheni ya mtaani kama yangu hizo akaunti za shule ni za kuota.

Tuje kwa aliyeshaingia. Hapa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, shida ni kwamba hizo setingi unatakiwa uzipange kabla, siyo wakati singeli inapiga. Kushea skrini iwe ya mwalimu peke yake, na darasa likihitaji mtoto aonyeshe alichoandika unamfungulia yeye kwa muda huo. Kalamu ya kuchora juu ya skrini izimwe kwa wote, hiyo ndo iliniumbua, sikujua hata kama ipo. Kutuma mafaili kwenye chati zima. Chati ya mtoto kwa mtoto kwa siri zima pia, waandike kwa wote au kwa mwalimu tu, na hili nalisisitiza kwa sababu ya mabinti, mtu mzima akipenyeza darasani siyo lazima apige kelele, anaweza kunyamaza kimya halafu akaanza kuandikia mmoja mmoja pembeni, na huyo ni wa kuogopwa kuliko wa singeli. Maiki za watoto zianze zikiwa zimefungwa.

Na wewe mwenyewe unapoonyesha skrini onyesha faili moja, siyo simu nzima. Nilikuwa nafundisha kwa simu siku moja, skrini yote inaonekana, katikati ya mlinganyo ikashuka meseji toka juu: dada marejesho ya kikoba mwisho leo saa nne. Watoto 31 wakasoma. Mmoja akauliza tukuchangie ticha?

Sasa lile fundo kubwa, usimbaji, huo ufungaji wa mazungumzo yakiwa njiani. Watu wakisikia programu fulani imesimbwa mwanzo hadi mwisho wanadhani hakuna wa kuwaingilia darasani. Tofautisha. Chukulia unatuma gunia la dagaa kwa basi kwenda Dar. Namna ya kwanza, unalifunga kufuli, ofisi ya basi ina funguo, wanaweza kufungua wakakagua wakafunga tena, jambazi wa njiani hawezi lakini wenye basi wanaweza. Namna ya pili, funguo anayo ndugu yako Kariakoo tu, basi linabeba gunia bila kujua kama ni dagaa au mawese. Mikutano mingi ya video kwa kawaida iko namna ya kwanza, kampuni ndo basi. Simu za WhatsApp ziko namna ya pili. Zoom waliwahi kujinadi wana ya pili kumbe wana ya kwanza, wakaingia matatani na tume ya biashara ya Marekani, FTC, wakafikia makubaliano Novemba 2020. Ya kweli waliileta Oktoba 2020 na lazima uiwashe mwenyewe, na ukiiwasha kurekodi kwenye seva zao hakufanyi kazi, jambo lenye mantiki, mwenye basi hana funguo atarekodi nini.

Aprili 2020 pia watafiti wa Citizen Lab wa Toronto walionyesha kwamba kufuli la Zoom la wakati ule lilikuwa la namna dhaifu, inaitwa ECB. Udhaifu wake ni huu, chukua kitenge chenye maua, badili rangi zote kwa kanuni moja, kila chekundu kiwe kijani, kila cha njano kiwe bluu. Rangi zimepotea lakini maua bado unayaona. Kipande kinachofanana kinafungwa kwa namna inayofanana, mchoro unabaki. Kufikia mwisho wa Mei mwaka ule walishabadilisha wakaweka lililo imara.

Yote hayo ni muhimu kwa mwandishi wa habari au mwanasheria anayeongea na mteja. Kwangu mimi ule usiku hata ningekuwa na kufuli imara kuliko zote duniani lisingenisaidia kitu, kwa sababu yule jamaa hakukaa njiani kusikiliza, aliingia kama abiria mwenye tiketi, simu yake ilipewa funguo kama simu za wengine. Mlango na njia ni vitu viwili. Wauzaji wanakuuzia njia kwa sababu mlango ni kazi yako.

Basi si tuhamie WhatsApp tu? Wengi wanafanya hivyo, na simu ya video ya watu mpaka 32 ingenitosha hata mimi kwa taabu. Ila angalia unachokitoa ili kukipata. Ukiweka watoto kwenye grupu la kawaida, kila mmoja anaona namba ya kila mmoja, yaani namba za mabinti wa form four na za mama zao ziko mikononi mwa familia thelathini ambazo hazifahamiani. Grupu la matangazo la kwenye Jumuiya ya WhatsApp linaficha namba za wanachama, wasimamizi tu ndo wanaziona. Au tumia orodha ya kutangazia, ila hiyo kila mzazi lazima awe amesevu namba yako, asiyesevu hapati kitu na atakulaumu. Na anayetumia zile WhatsApp za kienyeji, GB na ndugu zake, ajue hizo si za wenye WhatsApp, kufuli la gunia humo usilitegemee. Hivyo hivyo programu za mkutano, watoto wanarushiana kwa Xender kuokoa MB, naelewa kabisa, lakini faili lililopita simu nane hujui limeongezewa nini, ni bora uwape mahali penye WiFi wadaunlodi Play Store mara moja.

Kwa habari ya MB niseme kidogo, maana watu wanasema kamera ziwashwe zote ili tumjue kila mtu. Sauti tupu Zoom inahitaji kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde, haifiki hata MB 40 kwa saa. Video ya darasa kwa kilobiti 600 ni kama MB 270 kwa saa. Mama wa Katubuka anayenunua bando la siku hatokulipa hiyo kwa ajili ya usalama wa darasa lako. Kamera inawashwa sekunde kumi mlangoni ikiwa mlinzi ana shaka, halafu inazimwa.

La mwisho ni rekodi. Nilikuwa narekodi kila kipindi kwa ajili ya waliodondoka, nia njema, na naweka kwenye grupu. Ndani ya hizo video kuna sura za watoto, sauti zao, majina kamili, na mara moja nyuma ya mtoto kuna mdogo wake anaogeshwa kwenye beseni. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kazi Mei 1, 2023 na ina Tume yake, na sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, ridhaa inatakiwa ya maandishi na kwa mtoto anayetoa ni mzazi au mlezi. Usidhani ni ya mabenki peke yake. Sasa nafanya hivi, nikimaliza kipindi narekodi upya dakika kumi na mbili peke yangu, ubao na sauti yangu, natuma hiyo. Fupi, MB chache, na waliokuwepo wanaiomba pia.

Siku ikitokea pamoja na yote haya, usihangaike kumtafuta mtu kwenye orodha ya majina 31 kama mimi. Kwenye Zoom, mule mule kwenye vitufe vya hosti, kuna kimoja kinasimamisha kila kitu kwa mkupuo, video zote, maiki zote, chati, skrini, wanakiita Suspend Participant Activities. Bonyeza hicho kwanza, kumtafuta ni baadaye, na pale pale kuna sehemu ya kumripoti. Kwenye programu isiyo na kitufe hicho maliza kipindi kwa wote, dakika ya kusitasita ndo inayobaki kwenye kumbukumbu za watoto. Piga skrinshoti ya jina na saa, siyo ya picha chafu, hizo usizitunze wala usimtumie mzazi eti aone, kusambaza nako ni kosa. Halafu piga simu kwa wazazi usiku ule ule kabla hawajasikia kwa wengine. Mimi nilisubiri asubuhi.

Alhamisi iliyopita saa mbili na nusu kabisha mtu anaitwa iPhone. Binti wa mlangoni akamwomba namba, kimya. Akaomba tena, kimya. Akaniandikia pembeni: madam, darasani kwetu nani ana iPhone? Nikamjibu hakuna, tukaendelea na kosine.